Nani Ampishe Nani? Kasi na Adabu katika Barabara Kuu

Kupishana ni jambo kongwe kuliko motokaa. Watu wa mwambao walilijua baharini kabla ya kulijua barabarani: chombo chenye tanga kubwa na upepo mwema kinapokifikia kwa nyuma chombo kizito kilichojaa shehena, mmoja wao hana budi kujitenga na njia ya mwenziwe. Sheria ya bahari ya siku hizi, ile waliyoafikiana mataifa mwaka 1972 ili vyombo visigongane, imelikata shauri hilo bila ya kigugumizi. Chombo kinachopita ndicho chenye wajibu wa kujitenga, hata kama kinakwenda kwa tanga na kile kinachopitwa kinakwenda kwa mashine. Na wajibu huo haumwondoki nahodha mpaka awe amekwisha kumpita mwenziwe na kumwacha nyuma salama. Anayepitwa hutakiwa kushika njia yake na mwendo wake, asiyumbe. Mwenye kasi ndiye mwenye mzigo.

Barabara kuu za nchi kavu hazikusema hivyo, au hazikusema hivyo tu. Huko anayekwenda polepole naye ametwishwa sehemu ya mzigo: ashike upande wake na aiache wazi njia ya kupitia. Ni kutokana na mgawanyo huo wa wajibu ndipo ulipozaliwa ugomvi ambao umedumu zaidi ya karne. Anayekwenda mbio humwona aliye mbele yake kuwa ni mkaidi aliyekalia njia isiyokuwa yake. Anayekwenda kwa kiasi humwona aliye nyuma yake kuwa ni jeuri atakaye kumfukuza mwenziwe kwa taa na honi. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anacho kifungu cha sheria cha kujitetea nacho.

Historia ya ugomvi huu yafaa kutazamwa kwanza Uingereza, kwani ni kutoka huko ndiko Zanzibar, Tanganyika na Kenya zilikorithi desturi ya kushika kushoto pamoja na umbo la sheria zao za barabarani.

Bendera nyekundu

Hapo mwanzo mzozo ulikuwa baina ya mwenye mashine na kila mtu mwingine. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya magari ya mvuke yaliyokuwa yakipita barabarani. Mashambani yasizidi maili 4 kwa saa, mjini yasizidi maili 2; kila gari liwe na watu wasiopungua watatu, na mmoja wao atangulie kwa miguu kiasi cha yadi 60, mkononi ana bendera nyekundu. Maili 4 ni kama kilomita 6 na nusu, mwendo wa mtu mzima aliyechelewa shughulini.

Vizazi vilivyofuata viliicheka bendera ile, vikaifanya kuwa alama ya ujinga wa watu wanaoogopa mambo mapya. Lakini ukiitazama kwa jicho la mtu wa mji wenye vichochoro, bendera ile haikuwa ila hodi. Hamali mwenye mkokoteni apitapo penye umati hupaza sauti, "Hodi! Hodi!", si kwa kuwa njia si yake, bali kwa kuwa anajua mzigo wake unaweza kumuumiza mtu. Anayeleta hatari ndiye anayebisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya kijana yule aliyetembea mbele ya mashine.

Tangu mwaka 1878 bendera yenyewe haikuwa ya lazima, ingawa mtu wa kutangulia aliendelea kutakiwa. Motokaa za petroli zilipofika, sheria ile ilizibana kama nguo ya mtoto kwa mtu mzima. Januari 1896 Walter Arnold wa Kent alishtakiwa kwa kwenda maili 8 kwa saa pale palipotakiwa maili 2. Askari alimfukuza kwa baiskeli hata akampata, na kwa kosa la kasi akatozwa shilingi moja. Mwezi Agosti mwaka huohuo, katika viwanja vya Crystal Palace jijini London, Bridget Driscoll aligongwa na motokaa ya maonyesho akafariki. Alikuwa mtu wa kwanza nchini humo aendaye kwa miguu kuuawa na gari la petroli. Miezi mitatu baadaye, tarehe 14 Novemba 1896, sheria mpya ilianza kazi, kikomo kikapanda, na wenye motokaa wakasherehekea kwa safari ya kutoka London hadi Brighton. Kabla ya kuondoka bendera nyekundu ilichanwa hadharani.

Iliyochanwa siku ile haikuwa kitambaa peke yake. Mbisha hodi alikuwa ameondolewa, na hapakuwekwa mwingine badala yake.

Washairi na motokaa

Mwaka 1903 kikomo kilipandishwa hadi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, na magari yakatakiwa kuwa na namba. Polisi wakaanza kujificha nyuma ya ua na miti, saa mkononi, wakipima muda wa gari kutoka alama moja hadi nyingine. Wenye magari nao walijibu kwa kuunda mwaka 1905 chama chao cha Automobile Association, ambacho watumishi wake walizunguka kwa baiskeli wakiwatahadharisha wanachama wapi pana mtego. Mwaka 1910 mahakama ilipoamua kwamba kumtahadharisha mwenye kasi ni kumzuia polisi asifanye kazi yake, chama kikabuni hila ya adabu. Mtumishi wa chama alikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila mwanachama apitaye. Basi asipopiga saluti, dereva na ajue kuwa mbele kuna jambo. Ni nadra katika historia kwa kutosalimiwa kuwa na maana nzito namna hiyo.

Waandishi hawakukaa kando. Rudyard Kipling, mmoja wa watu wa mwanzo kupenda motokaa nchini humo, alianza mwaka 1904 kuchapisha katika gazeti la Daily Mail mashairi ya mzaha juu ya magari, kila moja likivaa mtindo wa mshairi wa zamani. Huko Italia, Filippo Tommaso Marinetti alitoa mwaka 1909 tamko lake mashuhuri lililoitukuza kasi kuwa ni uzuri mpya wa dunia, na akadai kuwa gari la mashindano lashinda kwa uzuri sanamu ya Kiyunani ya Ushindi wa Samothrace. Wasifiao tamko lile aghalabu husahau lilivyoanza: mshairi yumo mtaroni, gari lake limepinduka, kwa sababu alikutana na wapanda baiskeli wawili njiani. Kasi iliimbwa na mtu aliyeshindwa kupishana.

Aliyeuona ugomvi kwa macho makali zaidi ni Kenneth Grahame, katika kitabu chake cha watoto cha mwaka 1908, The Wind in the Willows. Chura wake tajiri, mwendawazimu wa motokaa, anaiba gari na kulikimbiza ovyo, kisha anafikishwa mahakamani. Anahukumiwa mwaka mmoja kwa wizi, miaka mitatu kwa kuendesha kwa fujo, na miaka kumi na mitano kwa kumjibu askari kwa ufidhuli. Jumla ni kumi na tisa, nayo inakamilishwa kuwa ishirini. Ni mzaha, lakini ndani yake mna ukweli ambao sheria ilichukua miaka zaidi ya ishirini kuufikia. Kinachowakera watu barabarani, pamoja na kasi, ni dharau.

Mwaka wa kuondoa namba

Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 kikomo cha maili 20 kilikuwa kimekufa huku bado kimeandikwa. Kila mtu alikivunja, wakiwamo waliokitunga. Sheria inayovunjwa na wote huifunza jamii kuzidharau na nyinginezo. Basi sheria ya barabarani ya mwaka 1930 ikakiondoa kabisa kwa magari madogo. Badala ya namba, Bunge likaweka maneno. Likafanya kuwa kosa kuendesha bila ya uangalifu, na likaongeza jambo ambalo mfasiri yeyote angelisita mbele yake kwa uzuri wake: kuwa ni kosa pia kuendesha bila ya kuwajali kwa kiasi cha haki watu wengine wanaoitumia barabara. Mwaka uliofuata, 1931, kikatolewa kijitabu cha peni moja, Highway Code, cha kuwafundisha watu namna ya kuishi pamoja njiani. Kwa maneno ya kwetu, kilikuwa kitabu cha adabu.

Jaribio lile lilikuwa la heshima. Liliwachukulia watu kuwa ni waungwana, likawaachia wajipimie wenyewe. Matokeo yake yalikuwa ya kuhuzunisha. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza, wakati magari yalikuwa machache mno kuliko ya leo. Leslie Hore-Belisha, aliyekabidhiwa wizara ya uchukuzi mwaka huo, naye alinusurika kugongwa alipokuwa akivuka barabara kwa miguu jijini London. Machi 1935 namba ilirudi: maili 30 kwa saa, kama kilomita 48, katika maeneo ya makazi. Adabu peke yake haikutosha kumlinda mtoto anayevuka. Wala maneno ya mwaka 1930 hayakufutwa. Yalibaki sheriani ubavuni mwa namba, na hapo ndipo yalipostahiki kuwapo tangu mwanzo.

Njia isiyokuwa ya mbio

Mgogoro ulichukua sura mpya zilipojengwa barabara kuu za magari peke yake. Ya kwanza Uingereza, kipande kifupi kando ya mji wa Preston, ilifunguliwa Desemba 1958. M1, kutoka kaskazini ya London, ilifunguliwa tarehe 2 Novemba 1959, ikiwa na njia tatu kila upande. Humo hamkuwa na mtembea kwa miguu, hamkuwa na punda wala baiskeli. Aliyebaki ni dereva na madereva wenziwe. Hapakuwekwa kikomo cha kasi, wala ukuta wa kutenganisha pande mbili. Alfajiri moja ya Juni 1964 gari la mashindano la AC Cobra lilijaribiwa humo kwa maili 185 kwa saa, na sheria haikuwa na la kusema.

Kanuni ya njia tatu ilikuwa nyepesi: kaa kushoto, hamia kulia kwa ajili ya kupita, kile ambacho madereva wetu hukiita kuovateki, kisha rudi kushoto. Kwa mujibu wa kanuni hiyo hakuna njia ya mwendo wa kasi. Ipo njia ya kupitia. Lakini watu waliipa njia ya kulia jina lao, wakaiita njia ya mbio, na jina likazaa milki. Njia ya kupitia ni kama kizingiti: kila mtu hukipita, hapana akaaye hapo. Njia ya mbio ni kama baraza: mwenye mbio huona pake. Na kama kulia ni pa wenye mbio na kushoto ni pa malori, basi mtu wa kiasi, asiyejiona kuwa lori wala mwenda mbio, hukaa katikati. Ndivyo alivyozaliwa dereva wa njia ya kati, asiyetaka kupita wala kurudi, na ambaye huwalazimisha wote walio nyuma yake wavuke njia mbili ili wampite. Hajavunja kikomo chochote. Amevunja jambo jingine.

Baada ya ajali kadhaa za ukungu katika mwaka 1965, kikomo cha maili 70 kwa saa, kama kilomita 112, kilianza kwa majaribio tarehe 22 Desemba. Kikafanywa cha kudumu mwaka 1967 na Barbara Castle, waziri ambaye hakuwa akiendesha gari, jambo ambalo wapinzani wake hawakuchoka kulitaja. Wakawa wanauliza: asiyeendesha atajuaje kasi? Swali lingeweza kugeuzwa: je, anayeendesha ndiye peke yake anayekufa barabarani?

Ujerumani nako

Iwapo kuna nchi iliyouchukua ugomvi huu hadi ukingoni, ni Ujerumani. Barabara kuu baina ya Köln na Bonn ilifunguliwa mwaka 1932 na Konrad Adenauer, meya wa Köln wakati huo. Baada ya vita, Ujerumani Magharibi ilirudia jaribio lilelile la Waingereza: kuanzia 1953 vikomo vya kasi viliondolewa, hata mijini. Mwaka 1957 kikomo cha kilomita 50 kikarudi mijini, kwa sababu ileile ya maiti. Mwaka 1970 watu zaidi ya 19,000 walikufa barabarani, na mwaka 1972 barabara za kawaida za mashambani nazo zikawekewa kilomita 100. Barabara kuu peke yake ndizo zilizosalia.

Mafuta yalipoadimika mwezi Novemba 1973, serikali iliweka kilomita 100 hata humo, lakini kwa miezi michache tu. Chama kikubwa cha wenye magari, ADAC, kikaanza mwaka 1974 kampeni iliyofunga pamoja mwendo huru na raia huru, kana kwamba kumwekea mtu kikomo ni kumtia pingu. Hadi leo barabara kuu za huko hazina kikomo cha jumla. Ipo kasi ya kupendekezwa tu, kilomita 130, ingawa vipande vingi vina vikomo vyake.

Penye uhuru mkubwa wa kasi pametakiwa nidhamu kubwa ya njia. Sheria ya Kijerumani huamrisha kushika kulia, kwani huko ndiko kwa wenda polepole, na hukataza kumpita mtu kwa upande huo. Humruhusu anayetaka kupita, nje ya mji, kumulika taa kwa muda mfupi. Hiyo ni hodi. Lakini akisogea karibu mno na kumshinikiza mwenziwe kwa taa, anaweza kuhukumiwa kwa kosa la jinai la kumshurutisha mtu kwa nguvu. Mpaka baina ya hodi na kuvunja mlango umepimwa kwa mita na sekunde. Tena sheria hiyohiyo, katika kifungu chake cha mwanzo kabisa, hudai tahadhari ya daima na kujaliana, kabla ya kutaja namba yoyote.

Kwamba maneno hayo hayamtoshi kila mtu, nchi ile ilikumbushwa Julai 2003. Katika barabara kuu ya A5 karibu na Karlsruhe, gari dogo lililokuwa njia ya kushoto lilifikiwa kwa nyuma na gari jingine la kasi kubwa mno. Aliyekuwa mbele aliyumba akitaka kupisha, akatoka barabarani. Magari hayakugusana. Walikufa mama wa miaka 21 na bintiye wa miaka 2. Dereva wa nyuma, aliyekuwa mjaribu magari kwa kazi yake, alipatikana na hatia mwaka 2004. Alihukumiwa kifungo, na katika rufaa adhabu ikapunguzwa. Nchi nzima ilibishana. Wako waliosema kuwa njia ya kushoto ni ya kupitia na aliyeko huko awe tayari kuondoka. Wako waliouliza ni haki gani hiyo ya kupita inayodaiwa kwa roho ya mtoto.

Kosa moja, nyuso mbili

Hesabu za jambo hili ni nyepesi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, safari ya kilomita 100 huchukua dakika 60. Kwa mwendo wa 120 huchukua dakika 50. Dakika kumi ndizo zinazogombewa. Kwa upande wa pili, Highway Code huhesabu kuwa gari liendalo maili 70 kwa saa huwa limekwenda mita 21 kabla mguu wa dereva haujaanza kufunga breki, na mita 96 mpaka lisimame; kwa maili 30 zatosha mita 23. Basi anayemfuata mwenziwe kwa mita 10 katika mwendo huo amekwisha kuamua kumgonga, iwapo tu jambo litatokea.

Agosti 2013 polisi wa Uingereza walipewa uwezo wa kutoza hapo hapo faini ya paundi 100 na pointi 3 za leseni kwa uendeshaji usiojali. Miongoni mwa mifano iliyotangazwa ilikuwamo miwili: kumfuata mtu karibu mno, na kuikalia njia ya kati bila ya sababu. Mahasimu wawili wa tangu M1 wakajikuta wameandikiwa kosa moja na faini moja. Maneno ya mwaka 1930 yalikuwa yamewasubiri wote wawili. Anayesukuma na anayeziba wana asili moja: kila mmoja anaendesha kana kwamba yuko peke yake. Tofauti ni kwamba mmoja huchelewesha na mwingine huua, na hapo ndipo faini iliyo sawa inapopungukiwa na haki.

Afrika ya Mashariki nayo imejaribu dawa zote mbili. Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, magari ya abiria nchini Kenya yalilazimishwa kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Namba ikatiwa ndani ya mashine yenyewe. Lakini katika barabara ndefu zenye njia moja kwenda na moja kurudi, ambazo ndizo nyingi kwetu, madereva walikwisha kujitungia lugha ambayo haikutoka bungeni. Lori zito likipanda mlima, na nyuma yake kuna gari jepesi lisiloona mbele, dereva wa lori huwasha taa ya kushoto: pita, ni kweupe. Akiwasha ya kulia: subiri, kuna kinachokuja. Ishara hiyo haimwondolei anayepita wajibu wa kutazama kwa macho yake, na wapo waliopoteza maisha kwa kuiamini kupita kiasi. Hata hivyo ndani yake mna jambo ambalo sheria ya bahari haikulitaka na sheria ya nchi kavu haikulifikiria. Yule mzito, anayelaumiwa kwa kuziba njia, amejitolea kuwa macho ya yule mwepesi. Naye mwepesi akishapita, hujibu kwa mlio mfupi wa honi, ahsante, kisha hurudi kushoto.